Unga, Omena na Mfuko wa Turubai

Nakumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikikumbuka nacheka peke yangu mpaka majirani hapa Munyaka, Eldoret, wanaulizana kama huyu mama yuko sawa. Nakumbuka nilivyopanda basi kwenda Moi's Bridge na mfuko mwekundu kwapani, mfuko niliouona ndio mwisho wa mifuko, ili shangazi yangu auone anisifu. Lakini ngoja kwanza nikae vizuri. Jana uliniletea mifuko miwili ya kubebea chakula ukaniuliza ni upi utakaofika nao milima ya Cherang'any na kurudi, maana wewe na wenzako mnataka kutembea siku nyingi na mizigo mgongoni. Sikukujibu, kwa sababu nilikuwa nachambua sukuma wiki na swali lako lilitaka mtu aliyetulia. Leo nimetulia.

Ilikuwa miaka ya Nyayo, wakati wa chama kimoja. Wazazi wangu walikuwa wametoka Maragoli kuja kutafuta kazi, na mimi nilikuwa msichana wa kiwanda cha nguo hapa mjini. Nilijua njia mbili tu, ya kiwandani na ya kanisani. Kila mwaka, mvua zikipungua, vijana wa kanisa letu walitembea kwa miguu kutoka hapa, wakapita Iten, wakateremka bonde la Kerio na kuvuka mto, kwenda kuwatembelea waumini wachache waliokuwa ng'ambo, chini ya milima ya Tugen. Nasema vijana, lakini walikuwa wavulana watupu. Sisi wasichana tuliwapikia chapati za safari, na wakirudi tukawaimbia. Wee! Tuliwaimbia mpaka sauti zikakauka, na hata mlima wenyewe tulikuwa hatujauona.

Kiongozi wa safari alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Zakayo, babu yako, baba wa mama yako, Mungu amlaze pema. Wewe ulimkuta amekuwa mpole, anakupa peremende. Sisi tulimjua akiwa moto. Siku hizo hata kukusanyika kuomba kulitaka kibali cha chifu, na yeye alitembea na kibali hicho mfukoni pamoja na kadi ya chama, kifua mbele, hakuna wa kumsimamisha. Mwaka huo mimi na rafiki yangu Dorika tulimwendea baada ya ibada, tukamwambia tunataka kwenda.

Alitutazama kama mtu aliyepewa dawa chungu.

"Mtaenda," akasema. "Na chakula mtabeba nyinyi. Lakini mkitulemea njiani, ama chakula kiharibike, ama mtutie aibu kwa watu wa watu, msichana mwingine asije kwangu na hiyo maneno tena. Hata huyu wangu. Tumesikizana?"

"Tumesikizana, Mzee."

Huyo aliyemwita "wangu" ni mama yako, Ruth. Alikuwa bado shule ya msingi, na alikuwa amesimama hapo kando ya baba yake, amenikazia macho. Haki ya Mungu, mwanangu, yale macho yalinilemea kuliko mzigo wowote nilioubeba baadaye. Nilijua nikiharibu, nimemharibia na yeye.

Basi nikashona mfuko. Nilikuwa fundi, nani angenifundisha? Nilitafuta kitambaa cha nailoni, chekundu, chepesi, kinachong'aa, nikakitia zipu na mifuko midogo ubavuni. Dorika alipouona alipiga kigelegele. Nikaona huo nimpelekee Senge Rasoa. Senge ndivyo tunavyomwita dada ya baba, na huyu wangu alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la mahindi kule Moi's Bridge, anashona midomo ya magunia kwa ile sindano kubwa iliyopinda. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hiyo sindano.

Akaugeuza mfuko wangu huku na huku. "Ni maridadi. Unaenda nao wapi?"

"Kerio, Senge. Kwa miguu."

"Ndani umeweka nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa unanionyesha nini? Mfuko mtupu hauna makosa."

Akachota mahindi akaujaza, akafunga zipu, akapanda juu ya lundo la magunia, yeye na uzee wake, akautupa chini. Ulipasuka paa! Mahindi yakatapakaa sakafuni, na kuku wa mwenye ghala wakaja mbio kama walioalikwa arusi. Mimi nikalia. Usinicheke, ungekuwa wewe ungelia pia.

"Lia sasa," Senge akasema, "uko karibu na nyumbani. Ukilia huko bondeni nani atakusikia?"

Nikajua baadaye kwamba hivyo ndivyo walivyofanya ghalani kwao. Gunia jipya halikuaminiwa mpaka lijazwe, litupwe, na likae zima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mfuko wangu ulikuwa umejitembeza kwa basi kutoka Eldoret.

Tukashona mwingine, yeye na mimi, tumeketi kwenye magunia. Alitoa kipande cha turubai kuukuu la lori, gumu, rangi ya vumbi, lisilopitisha maji. Kila mshono tuliukunja mara mbili kabla ya kuushona, na uzi tukaupaka nta. Nilipoulizia zipu akaniambia, "Ikikwama njiani utaifanyia nini, utaiombea?" Badala yake akaacha mdomo mrefu, wa kukunjwa na kukunjwa tena ndipo ufungwe kamba. Pembeni, kila kona, alifungia punje chache za mahindi zikawa masikio, kama wafanyavyo wapagazi wa magunia, ili mtu apate mahali pa kushika mzigo unapoteleza. Mwisho akautia mikanda miwili ya begani. Hapo nilibisha kidogo. Sisi kwetu mzigo ni kichwani, mwanamke na mzigo wake wanatembea kama malkia na taji.

"Kwa tambarare, sawa," akasema. "Kwa kuteremka, mzigo wa kichwani utakusukuma ufike chini kabla ya miguu yako. Beba mgongoni. Na omena yako itie kwa mkebe wenye kifuniko, ilale peke yake. Usiilaze na unga."

"Ndiyo, Senge."

Nilisema ndiyo, mwanangu, lakini moyoni nilicheka. Mkebe ulikuwa unagongagonga na unachoma mgongo. Siku ya safari niliifunga omena, wale dagaa wetu wakavu wa ziwani, kwa gazeti nikaitia humo humo, juu ya unga. Nani amewahi kufa kwa harufu ya omena? Kwetu hiyo ni harufu ya mama anapika.

Tukaondoka. Mpaka Iten ilikuwa kuimba tu. Halafu nikasimama ukingoni, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde lote linafunguka chini yako, nikamshika Dorika mkono. Dorika akaniuliza kama nimeogopa. Kumbe nilikuwa nimefurahi. Tukateremka kwa njia ya mbuzi, tukishikilia vichaka, na nikambariki Senge kila hatua, maana mikono yangu ilikuwa huru na mzigo umenikalia mgongoni kama mtoto aliyelala. Mvua ilitupiga, miiba ikakwaruza turubai ikaishia kuchora tu mistari. Kila tulipopumzika tulipika ugali na omena, wavulana wakala wakalamba vidole. Hata Mzee Zakayo alianza kuniita "binti yangu".

Mtoni ndipo mfuko ulipopata sifa zake. Ilikuwa zamu ya Dorika kubeba. Maji yalikuwa ya kiunoni, akateleza kwenye jiwe, akaenda chini yeye na mfuko. Woi! Mvulana mmoja akamshika Dorika, mimi nikashika sikio la mfuko, tukavuta. Ng'ambo nikaufungua, nikatia kiganja ndani. Unga ulikuwa mkavu kama ulivyotoka kwa mashine ya kusaga. Mzee Zakayo naye akatia mkono wake, akautoa mweupe, akautazama, akasema "Bwana asifiwe," na akaenda zake. Kwa Mzee Zakayo hayo yalikuwa mahubiri marefu.

Nikavimba kichwa. Na ujue, mwanangu, nilivimba mapema.

Jioni hiyo tulifika kwa mwenyeji wetu, mama mzee wa Kitugen tuliyemwita Kogo Leah, kogo ni bibi kwa lugha yao. Desturi yetu huendi kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo unga wa chini kabisa wa mfuko tulikuwa tumewawekea wao. Jua lilikuwa halijazama. Tukapika ugali kwa huo unga, waumini wameketi na watoto wao, maziwa ya kibuyu yamemiminwa, Mzee Zakayo akaomba dua ndefu. Mtoto wa kwanza akaweka tonge mdomoni, akalitema. Wa pili akalitema. Watu wazima wakatafuna polepole, kwa adabu, macho chini.

Nikaonja mwenyewe. Mwanangu, ule ugali ulikuwa samaki. Gazeti lilikuwa limechanika, unga wa omena umeteremka mpaka chini, na kile kimfuko changu kigumu kisichoingiza tone la maji hakikutoa harufu hata kidogo. Joto la bonde likapika vyote pamoja. Samaki mmoja akioza huoza wote, na mimi nilikuwa nimewatia kilo nzima. Sisi hatukusikia chochote njiani, kwa sababu pua ya mtu huzoea harufu ya kwao. Hawa wenzetu wa bondeni samaki walikuwa hawamjui, wala hawamtaki. Nilimtazama Mzee Zakayo, naye alikuwa ameshanitazama. Moyoni nikayaona macho ya Ruth kule nyumbani. Nikaweka kichwa kwa magoti na kulia kwa aibu.

Kogo Leah akaacha kutafuna. Akanusa tonge, akalinusa tena, akaita kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nani alipika hii?"

"Ni mimi, Kogo."

"Wewe ulibeba samaki kutoka huko juu, ukavuka mto wetu na yeye, na yeye hakurudi kwa maji?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Hata wale watoto. Kogo alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza aliuomba ule mfuko. Akaupindua ndani nje, akaukung'uta, akautia pua na kukunja uso. "Nguo nzuri," akasema. "Haina shida. Shida ni wageni wawili ambao hawasikizani, umewalaza kitanda kimoja."

Senge wangu tena! Mdomo mwingine, maneno yale yale. Nikajua sasa nimeambiwa mara mbili.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Watu wale husafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi wa mti wao maalumu, ndiyo maana maziwa yao hukaa na hayanuki. Akaosha mfuko, akaukausha juani siku iliyofuata, kisha akautundika juu ya kigae cha makaa ya mti huo, ukafukizwa moshi kama kibuyu cha nyumbani kwake. Asubuhi ya kuondoka alinirudishia ukiwa umejaa punje za wimbi, unanukia vizuri ajabu. Hakunipa mimi kwanza. Alimpa Mzee Zakayo aushike, akamwambia, "Mzee, mwaka ujao leta hawa wasichana tena. Mfuko wao umeshajua njia ya kwangu. Vijana wako huja hapa kila mwaka, wanakula, wanaimba, wanaenda. Hawa ndio wa kwanza kuniletea chakula."

Babu yako akanikabidhi mfuko, akashika njia. Mlima mzima nilipanda nikihesabu dhambi zangu.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya safari, tulikusanyika nje ya kanisa. Mfuko ulikuwa chini, umejaa, na omena iko pembeni ndani ya mkebe, kifuniko kimekazwa. Nikainama niubebe. Mzee Zakayo akaniambia, "Ngoja kidogo, binti yangu." Akamwita mama yako, ambaye alikuwa amemaliza shule ya msingi. Akamvisha mikanda yeye mwenyewe, huku na huku, akavuta masikio ya mfuko kuona kama umekaa, na akampiga piga begani. "Haya, Ruth," akasema. "Tangulia."

Alitangulia, mwanangu. Alitembea mbele yetu sote mpaka Kerio.

Sasa sikiliza jibu lako. Ile mifuko yako miwili, usiichague kwa macho. Ijaze unga, uibebe kuzunguka huku mpaka Kiplombe na kurudi, kisha uitupe chini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine. Angalia mshono kabla ya kitambaa, kwa maana hakuna mfuko unaopasukia katikati. Tafuta unaofungwa kwa mkono wako hata ukiwa na baridi, wenye mahali pa kushika ukiteleza. Ukishaupata ulio mgumu, ndipo uwe mwangalifu zaidi na unachotia ndani, maana mfuko hafifu utamwaga na ujue, lakini mfuko imara utaficha kosa lako mpaka mezani kwa watu. Chenye harufu kilale peke yake. Na usiende kwa mtu mikono mitupu, wala usiende na kitu ambacho hujakionja kwa ulimi wake yeye. Wakikucheka, cheka nao. Wanaokucheka hivyo watakualika tena.

Nenda salama, mwanangu. Mungu wa mama yako akutangulie kwenye mteremko na akushike kwenye maji, chakula chako kikae kikavu, na kila mlango utakaobisha, utoke kwa huo mlango na mzigo mzito kuliko uliokwenda nao. Leta hiyo mifuko sasa. Ukuta ni ule pale, na kuku wangu hawajala tangu asubuhi.