Kibuyu cha Jerusa

Mwalimu Bonareri alitoka upande wa Kisii akaja kutufundisha karibu na Sosiot mwaka wa 1969. Hakuja na mengi: sufuria, Biblia, na mazoea ya kuzungumza na vitu. Aliisihi chaki isivunjike. Mvua ilipotulia juu ya mabati, aliishukuru.

Shule yetu haikuwa na maabara. Siku ya kutuonyesha jinsi vitu viwili vikikutana huzaa gesi, alitumia vya jikoni: magadi ya kulainishia mboga, na maziwa yaliyoganda, ambayo kwetu huitwa mursik. Maziwa aliyaleta mwenzetu Chepchumba katika kibuyu cha mursik cha mama yake, Jerusa.

Mwalimu alipogeuka kutafuta bakuli, Chepchumba, kwa hamu ya kusaidia, aliyamimina magadi mle mle kibuyuni. Kisha akafanya alivyolelewa, maana kwetu kibuyu chenye maziwa hakiachwi wazi. Akakifunika, akakaza.

Kifuniko kiliruka hadi kwenye mabati. Maziwa yakatapakaa ukutani, vichwani mwetu, na kwenye nywele za Mwalimu.

“Hiyo ndiyo gesi,” akasema akijipangusa uso. “Hamuioni, lakini imejifungulia mlango.”

Tulicheka sana. Chepchumba hakucheka. Kibuyu kilinuka magadi, nacho mama yake alikuwa amepewa na marehemu nyanya siku ya kuolewa.

Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu. Tukasikia kwamba Jerusa amesema hana mtoto wa kupeleka kwenye shule inayoharibu vibuyu. Chepchumba atabaki nyumbani achume chai.

Jioni Mwalimu akapanda kilima hadi kwa Jerusa. Chepchumba ndiye aliyetusimulia baadaye. Mwalimu hakujitetea, wala hakumtaja mtoto. Aliomba tu akisafishe kibuyu kwa mikono yake. Jerusa akampa sosiot, ule ufito wa kusugulia, akakaa kumtazama.

“Unasugua kama sufuria, Mwalimu. Polepole. Huyo ni mzee.”

Mwalimu akamwomba mzee radhi, kama alivyozoea kuongea na chaki. Hapo Jerusa akaangalia pembeni ili asionekane akitabasamu. Akaleta makaa ya mti wa senetwet, wakayatikisa ndani pamoja, wakanusa, wakarudia, mpaka kibuyu kikanuka moshi tu.

Ndipo Jerusa akauliza ni nini hasa kilichorusha kifuniko. Mwalimu akajibu kuwa ni gesi, akaomba kikombe, maziwa kidogo na magadi kidogo. Povu likapanda, likachemka bila moto, likashuka.

“Imekwenda wapi?” Jerusa akauliza.

“Iko humu ndani na sisi, Mama Chepchumba.”

Jerusa akatazama paa, akatazama pembe za nyumba. “Imeingia kwangu bila hodi,” akasema, akamwongezea Mwalimu chai.

Asubuhi Chepchumba akaingia darasani ameshika chupa ya soda yenye maziwa, haina kizibo, ameinyoosha mbali na uso wake. Alikuwa ameibeba hivyo njia nzima. Mama yake amesema somo liendelee, ila kibuyu kitabaki nyumbani.