Imbisha na Imbishaa

Programu niliyoiandikia kwaya yetu ilikuwa nzuri. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mengi yanayofuata yananitia kinyaa, na sitaki mtu adhani kazi yenyewe ndiyo iliyooza. Kilichooza ni jina, na jina nililichagua mimi.

Nimelelewa Makongeni, katika nyumba za reli, ambako baba alikuwa karani wa stesheni. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi, na kanisa tunamosali lilianzishwa na watu wa kwao. Nilianza kuimba alto nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, na nimeendelea hadi sasa nina watoto wangu wanaoimba. Mchana natunza kompyuta za kiwanda kimoja kule Industrial Area.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mjane wa gadi wa treni, mama wa miaka sabini na kitu, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Kila wimbo aliuandika kwa noti za solfa, zile za do-re-mi, nyuma ya kalenda kuukuu, kwa kalamu nene, halafu akaining'iniza ukutani. Soprano mstari wa juu, kisha alto, kisha sauti ya tena, besi mstari wa chini. Macho yake yalipoanza kuingia utando, mistari ikaanza kupindana. Jumamosi moja aliandika mstari juu ya mwingine, besi wakaimba noti za tena, na badala ya kumwambia taratibu, wakaangua kicheko. Yeye alicheka pia, lakini niliona akijifuta macho kwa pindo la leso. Nikarudi nyumbani nikaanza kuandika programu.

Ilikuwa inafanya jambo moja tu. Unaiandikia herufi za solfa, nayo inaziimba: alto peke yake, besi peke yake, au sauti zote nne pamoja. Mwanakwaya angeweza kujifunza nyumbani huku akipika. Niliiweka mtandaoni iwe programu huria, maana yake mtu yeyote anaichukua bure, anasoma namna ilivyoandikwa, anairekebisha akitaka na kumpa mwenzake.

Ndivyo nilivyompata mshirika wangu, mwanamume wa mtaa wa Umoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Aliona nimekosea kuhesabu mapigo, akalisahihisha kosa bila kuombwa na kunitumia. Baada ya miezi kadhaa ya kuandikiana tulikutana Muthurwa, kwenye kibanda cha chai karibu na wauza viazi, tukakubaliana kwamba kazi sasa imeiva na inahitaji jina.

"Imbisha," nikamwambia. Nilikuwa nimelitunza jina hilo wiki nzima.

Akatoa simu akatafuta. "Hiyo ishachukuliwa," akasema. "Kuna programu nyingine ya simu inaitwa hivyo. Ina picha ya maikrofoni."

"Inafanya nini?"

"Inasema ni ya nyimbo za injili. Lakini ukisoma malalamiko ya watu, ni matangazo tu. Tafuta jina lingine."

Sikutaka lingine. Nilikuwa nimelipenda hilo kama mtu anavyolipenda jina la mtoto kabla hajazaliwa. Nikasema tutaongeza herufi moja. Iwe Imbishaa, kwa a mbili mwishoni, kama mtu anayevuta noti.

Akaweka kikombe chini. "Na mtu akisikia, atajuaje kuna a mbili?"

"Ataona imeandikwa."

"Dadangu, majina ya vitu kama hivi watu hawayaoni. Wanayasikia. Mtu anaambiwa na jirani yake akifua, halafu anaenda kutafuta vile alivyosikia."

Ningemsikiliza, haya yote yasingekuwapo. Lakini usiku wa siku hiyo nilimwandikia ujumbe ambao mpaka leo nikiukumbuka nasikia uso ukiwaka. Nilimwambia kwamba programu ni yangu, kwamba yeye ni fundi wa kurekebisha na si mzazi wa kutoa jina, na kwamba watu wa kwaya yangu si wajinga wasiojua kusoma. Alijibu, "Sawa." Akaendelea kurekebisha makosa yangu kama kawaida.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Niliwawekea wanakwaya programu mimi mwenyewe, simu moja baada ya nyingine, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutafuta jina. Kisha binti yake mwalimu, anayefanya kazi Nakuru, akamnunulia mama yake simu mpya yenye kioo kikubwa. Mwalimu alinipigia Ijumaa mchana. Nilikuwa kiwandani, mashine ya kuchapisha lebo imegoma, msimamizi amesimama nyuma yangu.

"Mwanangu, ile programu yetu nimeipoteza na simu ya zamani. Inaitwaje?"

"Imbishaa, Mama."

"Imbisha. Haya. Usijisumbue kuja, mjukuu wangu amenifundisha kutafuta."

Nililisikia alivyolitamka. Naapa nililisikia. Alilitamka kama kila Mswahili angelitamka, kwa a moja. Nikasema, "Sawa Mama, tuonane kesho," kwa sababu msimamizi alikuwa anakohoa.

Jumamosi tulikuwa watu thelathini hivi kanisani. Kwa ajili ya sikukuu ya mavuno tulikuwa tunajifunza wimbo mgumu, na mwalimu alitaka tusikie sauti zote nne kwa pamoja, kwa hiyo akaunganisha simu yake na spika kubwa ya kanisa. Alifurahi kwamba ameweza peke yake. Akaiinua simu, akaisogeza karibu na uso kwa sababu ya yale macho, akabonyeza.

Kilichotoka kwenye spika ilikuwa sauti ya mwanamke akilia kilio ambacho si cha msiba.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mwalimu mwenyewe alidhani simu imeharibika, akabonyeza tena, na tena, na kila alipobonyeza sauti ilizidi na picha nyingine ikafunguka. Waliokuwa mbele waliona kilichokuwa kwenye kioo. Soprano mmoja akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Huko nyuma, kwenye tena, kicheko kikaanza kidogo kidogo kisha kikapasuka. Nilitoka kwenye mstari wa alto nikakimbia, nikachomoa waya. Spika ikanyamaza. Simu mkononi mwa mwalimu iliendelea na kelele zake ndogo, na yeye aliishika mbele yake kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu chooni.

"Nimefanya nini?" akaniuliza. "Nimebonyeza wapi?"

Kabla hatujafika majumbani, mtu alikuwa ameshatuma video kwenye kundi la simu la kanisa. Alirekodi tukio zima, akalipunguza, akabakiza tu uso wa mwalimu na ile sauti. Mtu huyo aliimba pamoja nami kwa miaka. Alikula chakula cha mazishi ya baba yangu. Simtaji, lakini tangu siku hiyo sijapokea mkono wake.

Jumatano wazee wa kanisa wakamwita mwalimu. Niliomba niruhusiwe kueleza, nikaenda na simu mbili. Walikuwa wazee watatu kwenye chumba cha nyuma kinachowekwa viti vya plastiki. Mwalimu alikaa pembeni, mkoba magotini, macho chini.

Nikawaambia kwamba hizi ni programu mbili. Moja ni yangu, imeandikwa kwa ajili ya solfa. Nyingine ni ya watu nisiowajua, ambao kazi yao ni kutega watu kwa neno zuri. Majina yanakaribiana. Mama alitafuta alichosikia.

"Kwa hiyo zinaitwa jina moja," akasema mwenyekiti.

"Hapana, Mzee. Yangu ina a mbili."

Akaniangalia. Nilijisikia nilivyosema, mtu mzima na kazi yake, nikiitetea heshima ya mjane kwa herufi moja.

"A mbili," akarudia, bila kucheka.

Mzee wa pili, mstaafu wa kaunti anayevaa koti hata kwenye jua, akaomba aone hiyo programu chafu ili athibitishe. Nikampa simu. Alithibitisha. Aliendelea kuthibitisha. Kidole gumba chake kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya kioo polepole, midomo imeachana kidogo, na wenzake wakawa wanaangalia dari. Nikanyoosha mkono. Hakuniona. Nikasema, "Mzee, naomba simu yangu," na ilibidi niseme mara ya pili. Aliponirudishia ilikuwa na jasho. Niliifuta kwa sketi.

Yeye ndiye aliyetangulia kusema kwamba, kwa ajili ya ushuhuda wa kanisa, ingefaa mwalimu apumzike kidogo na kuomba. Wengine wakakubali. Mwalimu alisimama, akawashukuru wote watatu, kila mmoja kwa cheo chake, akatoka.

Nilimfuata. Nikamwambia kosa ni langu, nilionywa nikakataa.

"Nilipokuwa nafundisha," akasema, "nilikuwa na watoto wanne wa jina moja darasani. Nikiita mmoja, wanasimama wanne. Ukiwa mwalimu unajifunza kuita jina na la baba yake. Wewe una kisomo kuliko mimi. Ulishindwaje na hilo?"

Niliwaandikia wenye ile Imbisha nyingine. Nilieleza yaliyotokea kwa adabu yote. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, limeandikwa na mashine: asante kwa kuichagua Imbisha, tafadhali tupe nyota tano. Nilikaa na jibu hilo kitandani nikalisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha nikampigia yule mwanamume wa Umoja na kumwomba radhi kwa ule ujumbe wangu wa zamani.

"Niliusahau," akasema. Alikuwa ananidanganya, na nilimshukuru kwa hilo. "Tubadilishe jina. Safari hii tufanye kazi."

Tulifanya kazi. Kila jina tulilolifikiria tulilitafuta kwanza mtandaoni, kwenye maduka ya programu na katika maghala ambako watu wa programu huria huweka kazi zao. Mengi yalikufa hapo. Yaliyobaki tuliyatamka kwa simu kwa mtu asiyejua lolote, tukamwomba ayaandike alivyosikia. Akikosea herufi moja, jina tunalitupa. Mshirika wangu alileta neno moja la Sheng, lugha ya mitaani, alilolipenda sana, ambalo kwao Umoja ni kitu kitamu. Nililitamka mbele ya wanawake wanaofua nyuma ya nyumba zetu, wakaangushana kwa kicheko. Huku kwetu ni sehemu ya mwili. Nilimpigia nikamwambia, akasema mama yake analitumia neno hilo kila siku kusifia chakula.

Tuliishia na Doremisha. Si jina zuri. Nilipompelekea mwalimu nyumbani kwake, alikuwa anachambua mchicha, akalitamka mara mbili.

"Kama dawa ya minyoo," akasema.

"Lakini hakuna kingine chochote kinachoitwa hivyo, Mama. Tumetafuta."

"Basi afadhali."

Kubadilisha jina la kitu ambacho kimeshatawanyika ni kama kukusanya mchele uliomwagika sokoni. Watu nisiowafahamu walikuwa wameichukua programu, wengine wameibandika kwenye kurasa zao kwa jina la zamani. Niliwaandikia mmoja mmoja. Wachache walijibu. Mmoja alisema jina la zamani lilikuwa tamu zaidi, kwa nini nimeharibu. Sikumjibu, maana ningemtukana. Ukurasa wa zamani niliuacha ukiwa na sentensi chache tu: kwamba mradi umehama, unakoitwa sasa, na kwamba programu ya simu yenye jina linalokaribia hili haituhusu kabisa na usiiweke kwenye simu ya mtu yeyote unayemheshimu.

Baada ya miezi miwili mwenyekiti alikwenda kwa mwalimu kumwambia mapumziko yameisha. Yule wa koti hakwenda. Mwalimu alimkaribisha chai, akamwambia ameshazoea kupumzika. Kwaya ilipewa mtu mwingine, mwimbaji hodari, na tuliimba kwenye mavuno bila kukosea. Nilisimama mstari wa alto, nyuma yangu wale wa tena waliocheka, na niliposikia wakivuta pumzi kwa pamoja nilijua kwamba siwezi tena. Niliimba mpaka mwisho kwa sababu ilikuwa ibada. Juma lililofuata nilirudisha joho.

Sasa mwalimu anafundisha kikundi cha wanawake kumi na mmoja katika kanisa dogo la mabati upande wa pili wa Jogoo Road, wengi wao wauzaji wa nguo Gikomba ambao hawajawahi kuona solfa. Amefanyiwa upasuaji wa jicho moja. Ananiita Jumapili baada ya ibada nikae nao altoni, kwa sababu alto wake ni wawili na mmoja ana kikohozi. Simu hairuhusiwi humo ndani. Aliweka sharti hilo siku ya kwanza na hakulieleza.

Mwezi uliopita mmoja wa wanawake alinifuata nje. Alisikia kwamba kuna kitu cha kwenye simu kinachoweza kumsaidia kujifunza sauti yake akiwa kazini, na kwamba niliyekitengeneza ni mimi. Akataka jina ili akakitafute.

Nilimwambia asitafute. Nikaomba simu yake, nikaiweka Doremisha mwenyewe, nikaifungua na kusikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha nikamrudishia simu.