Geti la Mwalimu na Asidi ya Kuoshea Vigae

Nianze na aibu yenyewe niimalize, maana hapa kwetu washaisimulia vya kutosha, na kila anayesimulia huongeza chake. Siku niliyokwenda kufunga geti jipya kwa mwalimu wangu wa zamani, nilichutama kupaka grisi bawaba ya chini, na suruali yangu ikaachia nyuma. Haikupasuka kwenye mshono, la. Kitambaa chenyewe kiliporomoka vipande vipande, kama mkate uliolowa chai. Barazani walikuwa wameketi kina mama sita, wamekuja kupanga arusi ya mtu. Hakuna aliyegeuza uso.

Sasa nieleze nilifikaje pale.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nina kibanda changu Kinondo, kando ya barabara. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana, kila mmoja kamchoka mwenzake. Mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha kemia, kwa maana kwamba yeye alikuwa akifundisha na miye nilikuwemo chumbani. Alipostaafu akajenga nyumba hapa kwetu, na kwa huruma yake akanipa kazi ya geti.

Chuma kipya kikitoka dukani Ukunda huja na ngozi nyororo, nyeusi inayopiga buluu. Sisi twaiita gamba. Huwa limetokana na moto huko kiwandani. Miaka yote nilidhani gamba ni neema: chuma kinang'aa chenyewe, wewe unapaka rangi juu yake, mteja anafurahi. Geti la mwalimu nikalipaka kijani, likapendeza hata nikalipiga picha. Mvua za masika zilipokwisha, simu ikalia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Njoo utazame geti lako linavyojivua."

Nikaenda. Rangi ilikuwa ikibanduka mapande makubwa kama viganja, na nyuma ya kila pande limegandana lile gamba. Rangi haikuwa na kosa, ilikuwa imelishika gamba sawasawa. Gamba ndilo lililoachana na chuma, na chumvi ya hewa yetu ikapenya chini yake. Kutu tupu.

"Nataka geti jingine, na safari hii lishike," akasema. "Likipitisha mvua zijazo bila kubanduka, kazi ya madirisha ya nyumba nzima ni yako. Likibanduka, namwita fundi wa Ukunda. Na mahali geti langu lilipo wapajua."

Nilipajua. Lipo njiani. Anayekwenda msikitini, anayekwenda dukani, anayempeleka mtoto zahanati, wote hulipita. Nao wakiuliza nani katengeneza kioja hiki, jibu ni moja. Fundi wa kijijini akishapoteza jina, anabakia na miwani myeusi ya kuchomelea tu.

Nikamwendea rafiki yangu tangu utotoni, ambaye ni fundi wa matengenezo katika hoteli moja ya Galu.

"Gamba ukilisugua kwa msasa utakufa mkono," akaniambia. "Hutolewa kwa asidi. Ile ya kuoshea vigae."

"Unamimina tu?"

"Unachanganya na maji kwanza. Lakini ina utaratibu wake. Ama hiki kinaingia ndani ya hiki, ama hiki ndani ya hiki. Ukikosea, inakurukia usoni."

"Basi ni kipi ndani ya kipi?"

"Mimi hotelini huchanganyiwa."

Ikabidi nimpigie mwalimu. Nikajifanya mjanja.

"Mwalimu, nina mpwa wangu ana mtihani. Anauliza, asidi humiminwa kwenye maji, au maji kwenye asidi?"

"Mwambie mpwa wako, asidi ndiyo imiminwayo kwenye maji, polepole. Avae glavu na miwani, akae nje, upepo umpige mgongoni. Na mwambie hayo nilimfundisha, alikuwa amelala dawati la nyuma."

Nikachimba mtaro wa kina kifupi nyuma ya kibanda, nikatandika nailoni nene tabaka mbili, nikalaza upande mmoja wa geti jipya na kuufunika kwa ile asidi yenye maji. Ukaanza kutoa viputo vidogo vidogo. Spana zangu zilizotundikwa kibandani zikashika kutu zote kwa ule mvuke, lakini hilo nililigundua kesho yake. Gamba likalainika kama masizi. Nilipolisugua kwa brashi, kikatokea chuma ambacho sikuwahi kukiona katika kazi yangu yote: kijivu, safi, kama tumbo la nguru. Kwa furaha nikautoa upande ule, nikatumbukiza wa pili, kisha nikaketi juu ya ule wa kwanza, umelowa vilevile, niutazame mwenzake ukiiva. Nikahisi kuwashwa. Nikawalaumu siafu, nikajimwagia kopo la maji, nikasahau.

Kisha nikateka maji kisimani, nikaosha geti zima vizuri kabisa. Adhana ya adhuhuri ikatoka, nikaenda kuswali. Kurudi, geti lina rangi ya achari. Kutu, pembe hadi pembe, ndani ya swala moja.

Rafiki yangu alipofika jioni akalizunguka mara mbili.

"Umeosha kwa maji gani?"

"Ya kisima."

"Kisima hiki hiki?"

"Kwani kuna kingine?"

"Yakhe, maji haya mkeo akipikia wali hatii chumvi, nawe umemwogeshea mtu aliyechunwa ngozi!"

Maji matamu pale nyumbani yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye tangi la mvua la mke wangu. Tangi hilo hata mama yangu mzazi huliombea ruhusa.

"Wataka kuogesha geti?" mke wangu akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kwa maji yangu ya mvua?"

"Na magadi kidogo. Yanaikata asidi iliyobakia."

"Magadi ya kunde zangu?" Akamgeukia rafiki yangu. "Shemeji, mwenzako huyu akikosa madirisha hayo, nitamtia yeye kwenye huo mtaro."

Nikarudia kazi baada ya alfajiri. Asidi, brashi, maji ya mvua, magadi, maji ya mvua tena, nikakausha kwa leso kuukuu na jua likamalizia. Chuma kingali na joto, nikakipaka ile rangi nyekundu ya chini ya kuzuia kutu, sikuinua kichwa hata kumjibu aliyenisalimu; ilipokauka nikapiga kijani juu yake. Asidi iliyobaki nikaitia magadi hadi ikaacha kutoa povu. Kabla ya hapo tone moja lilidondokea jiwe la matumbawe, jiwe likachemka kama chungu. Nikaruka, nikasoma dua ya kulalia. Ndiyo iliyonijia.

Siku ya kulifunga nikavaa suruali ileile niliyokalia nayo chuma kilicholowa, maana machoni ilikuwa nzima, imepauka kidogo tu. Lililofuata mmeshalisikia. Mama mmoja pale barazani akasema, "Fundi, geti umelipaka vizuri, wewe mwenyewe umejisahau!" Mwalimu akavuta leso kambani, akanitupia. Nilipokwisha kujifunga, akachukua ufunguo akaikwaruza rangi kwa nguvu, mara tatu. Haikutoka.

"Mpwa wako hajambo?" akauliza.

"Hajambo, mwalimu. Ameanza kusoma."

"Tungoje mvua."

Tukangoja. Mvua zikaja, na kila asubuhi nilipata sababu ya kupita njia ile. Nilikuwa natafuta uvimbe, natafuta ufa, natazama pembeni na chini kwenye bawaba, mpaka mbuzi wa jirani wakanizoea. Geti likabaki kijani kibichi. Ardhi ilipokauka, simu ikalia, na mwalimu hakusema mengi.

"Njoo na futi. Anzia dirisha la sebuleni."

Jioni hiyo nikamfuata rafiki yangu huko Galu, anatoka kazini, nikamweleza yote palepale langoni mwa hoteli, nafikiri hata wageni ndani walinisikia. Akanisikiliza hadi mwisho, akanipa mkono.

"Hongera, ndugu yangu," akasema. "Sasa umejua kutengeneza geti. Kesho tupite nyumba kwa nyumba tuyatazame yale uliyotengeneza kabla hujajua, na tuanze na la mama yangu."