Mashine Iliyokuwa na Haraka

Mwaka ule nyumbani kwetu Bagara tulikuwa na mahindi mpaka darini, lakini unga ulikuwa wa kutafuta. Baba alikuwa na mashine ya kusaga, nzima kabisa, haina hata nati iliyolegea. Kilichokosekana ni dizeli, ambayo ilikuwa imepotea kama sukari, sabuni na tairi za baiskeli. Akina mama wa Nakwa na Mutuka waliozoea kutuletea mahindi wakarudia vinu vyao. Baba akawa anakwenda kila asubuhi kuipangusa vumbi mashine yake iliyolala, anafunga mlango, anarudi kimya. Ule ukimya ulinitisha kuliko njaa, maana Baba alikuwa mtu wa makelele.

Halafu akajitokeza mfanyabiashara wa Arusha aliyetaka kuinunua. Angekuja Jumamosi kuchukua jibu. Mama hakutaka hata kulisikia jambo hilo.

"Mashine isiyonguruma ni chuma chakavu," Baba akasema. "Watu wameshaisahau."

"Hawajaisahau," nikadakia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu na mdomo wangu haukuwa na breki.

"Umejuaje?"

Nikatoka nje kwa hasira. Nilijua kabisa kwamba mashine ikiondoka, Baba hatapiga kelele tena.

Siku zile nilikuwa nashinda na binamu yangu, fundi redio mjini Babati na mpiga gitaa wa kwaya ya vijana. Gitaa lake lilikuwa limebaki na uzi mmoja. Nyuzi nyingine zilikatika na madukani hazikuwapo, si Babati wala Arusha. Mtu mwingine angelia. Yeye alikuja na redio kaseti begani na kanda moja tupu, akaniambia, "Kama vyombo hakuna, tutapiga vilivyopo."

Vilivyopo vilikuwa vingi. Tulirekodi debe tupu likiburutwa juu ya kokoto. Tulirekodi maharage yakipepetwa kwenye ungo, na baiskeli ya jirani iliyokuwa ikitembea kwa ringi tupu, mwenye nayo akitukana kila jiwe. Tulikwenda kwenye foleni ya duka la ushirika, ambako mtu akichoka kusimama aliacha jiwe limshikie nafasi, tukanasa ugomvi mtamu sana juu ya jiwe la nani lilikuwa mbele ya lipi. Tulilala kifudifudi kwenye nyasi kando ya ziwa kumngoja kiboko akorome. Alipokoroma kweli, mimi ndiye niliyetangulia kufika barabarani, na binamu yangu ananicheka mpaka leo. Kazi hiyo yeye aliiita albamu. Mimi niliiita fujo, ila niliipenda.

Shida ilikuwa betri. Mpya hazikupatikana, kwa hiyo tulifanya kama kila mtu, tukazianika zilizokwisha juu ya bati tangu asubuhi. Zikipata moto wa jua zilizinduka kidogo, redio ikavuta pumzi, tukawahi kurekodi kabla hazijazimia tena. Hatukufikiri kwamba betri iliyochoka huifanya kanda itambae, na kwamba sauti iliyorekodiwa kanda ikitambaa, ukija kuicheza kwa umeme wa kutosha, itatoka mbio.

Sauti ya mwisho ilikuwa ya mashine yenyewe. Baba alikuwa ameficha dizeli kidogo kwenye kidumu, akaiwasha mashine dakika chache, mlango umefungwa, ili isishike kutu. Niliomba turekodi. Alitutazama kama watu waliopungukiwa akili, lakini hakukataa. Tulirekodi mpaka kidumu kikaisha, mashine ikakohoa na kunyamaza. Baba alibaki ameweka mkono juu yake kwa muda mrefu.

Jumamosi ikafika. Binamu yangu alikuwa ameazima spika ya kanisa, ile ya bati yenye mdomo mpana iliyotumika kwenye mnada wa mavuno, pamoja na betri ya lori. Alitaka Bagara yote isikie albamu yetu. Tukaifunga spika kwenye mlango wa chumba cha mashine kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Sebuleni mgeni wa Arusha alikuwa akinywa chai isiyo na sukari. Mimi nilikuwa namwombea imuunguze ulimi.

Tukawasha. Kiboko wetu wa kutisha akatoka na sauti ya kitoto cha nguruwe. Foleni ya ushirika ikawa ndege wanaogombania punje. Binamu yangu akashika kichwa, mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha ikaja mashine, tutututututu, mbio kama inafukuzwa.

Baba alitoka sebuleni anakimbia.

"Nani amewasha mashine yangu?"

Akaingia, akaigusa. Ya baridi. Akatoka tena, akaitazama ile spika, akasema kwa uchungu, "Mashine yangu haina haraka namna hiyo."

 Kule chini kwenye njia ya Nakwa alikuwa amechomoza mama mmoja na beseni kichwani. Nyuma yake wakaja wengine wawili, kisha kundi, na kutoka upande wa Mutuka punda aliyebeba magunia. Walikuja wakihema na kuitana. Walipofika hata salamu hawakuingoja, wakapanga foleni ya mabeseni na madebe kama zamani.

"Hongera, mzee!" wakamwambia Baba. "Leo mmepata dizeli nzuri, mashine inakimbia!"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Baba akawaeleza kwamba dizeli hakuna, ni vijana na kanda yao. Wakanigeukia mimi. Nilisemwa siku ile! Kama maneno yangesaga, tungepata unga wa kulisha wilaya. Binamu yangu, Mungu amsamehe, alijificha nyuma ya punda.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Nakwa. Alijiketisha juu ya debe lake akasema, "Nimeshapanda kilima. Hebu iwasheni tena hiyo ya uongo, niisikie vizuri."

Tukawasha. Wakasikiliza na mikono viunoni. Mmoja akasema muziki gani huu hauna mwanzo wala mwisho. Mwingine akaitambua sauti yake kwenye ule ugomvi wa foleni, akadai irudiwe. Mwishowe walikuwa wanapiga madebe yao kufuatisha, na vigelegele juu.

Mgeni wa Arusha alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Mzee, sasa tunafanyaje?" akauliza.

Baba hakumtazama. Alikuwa anatazama ile foleni, kutoka beseni la kwanza mpaka punda wa mwisho. "Umeona mwenyewe," akasema, na sauti yake ya zamani ilikuwa imerudi. "Mashine yenye foleni haiuzwi."

Mama alipiga kigelegele kilichowashinda wote.

Dizeli tulikuja kuipata baadaye sana, wakati wa masika, pipa zima. Baba akaiwasha mashine asubuhi na mapema, akavaa kofia yake ya unga, akasimama mlangoni kuwapokea watu. Hakuja mtu. Mashine ilinguruma, jua likapanda, na njia ya Nakwa ikabaki nyeupe. Nilijua sababu, na Baba pia alijua. Kila mtu Babati alikuwa anasema ni wale vijana tena na kanda yao. Niliogopa kumtazama usoni. Nilianza kufunga kanga nikimbie kwenda kuwaita mmoja mmoja.

Ndipo akatokea yule bibi, peke yake, na debe lake kichwani.

"Shikamoo, bibi," nikampokea mzigo. "Wenzako wako wapi?"

"Marahaba. Wenzangu wamekaa, wanasema ni kanda." Akampita Baba mlangoni, akaweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa upesi kwa moto, akacheka. "Mimi nimesikia tangu kule haina haraka. Nikasema hii ndiyo ya mzee."

Baba alipangusa macho kwa kofia yake, akayajaza unga. Kisha akatoka nje, akaita Nakwa yote kwa kelele ambazo hazikuhitaji spika.