Jumapili Niliyorudi Turbo Kula Malimbuko

Nilikuwa nimeapa kwamba sitakanyaga tena Uasin Gishu. Mume wangu Karanja aliapa hivyo hivyo, naye alikitunza kiapo chake mpaka kaburini. Kwa hiyo akina mama wa kanisa letu hapa Ahero waliposikia kwamba nimekwenda Turbo, huko huko, kwa hiari yangu, tena na kikapu cha samaki, walitaka kujua nilifuata nini. Nawaandikia yote kama yalivyokuwa, hata yale yanayonitia aibu.

Kilichoniondoa nyumbani ni simu ya Mama Chebet. Alinipigia mwezi wa saba, akaongea taratibu kama kawaida yake.

"Mama Njeri, mwezi ujao tunafanya Malimbuko. Pasta amesema tuite watu wetu wote walienda. Kuja ukule na sisi."

Nilimwambia nitafikiria. Lakini Mama Chebet si mtu ninayeweza kumkatalia. Bila yeye, mimi na watoto wangu tungekuwa tumezikwa huko.

Kwa msiojua habari zangu: mimi ni Mjaluo, marehemu mume wangu alikuwa Mkikuyu, na tuliishi upande wa Turbo miaka kumi na saba. Yeye alitengeneza mashine za kusaga unga, mimi nilifundisha nasari ya kanisa. Tulinunua shamba la ekari mbili, tukajenga. Jirani yetu alikuwa Mama Chebet, Mnandi, mke wa Mzee Kirwa, mzee wa kanisa. Kila mwezi wa nane, mahindi yakianza kukomaa, kanisa lilikula Malimbuko. Mtu alipeleka mahindi mabichi ya kwanza madhabahuni kabla hajayaonja kwake. Baada ya ibada meza ziliunganishwa uwanjani na kila mmoja akaleta cha kwao. Mama Chebet alileta mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakawa mazito. Mashemeji zangu, ndugu za Karanja waliokaa karibu nasi, waliponda mukimo, viazi na mahindi pamoja na majani ya maboga. Mimi nilileta samaki, na watu walinicheka kwa kuwafundisha kula kichwa.

Halafu ukaja ule uchaguzi wa mwaka 2007, na Wakikuyu wakaanza kufukuzwa. Siku ya pili ya mwaka mpya, mchana, tuliona moshi kwa jirani wa tatu. Mama Chebet alikuja mbio miguu mitupu, akamshika binti yangu Njeri mkono, akatuingiza sote kwenye stoo yao ya mahindi. Mimi ningeweza kubaki nje, kwa kuwa watu wa kwetu hawakuwa wakitafutwa. Lakini watoto walikuwa na jina la baba yao. Tulikaa mle siku mbili. Siku ya tatu Mzee Kirwa alimlaza Karanja kwenye trela ya trekta, akampangia magunia juu, akatufunika sisi wengine kwa turubai na kutupeleka polisi. Vijana walimsimamisha mara mbili. Nilimsikia akiwaambia anapeleka mahindi kwa mashine. Nyumba yetu ilikuwa imeshaungua.

Ndugu zangu wa Ahero hawakumtaka Karanja, nami sikutaka kwenda kwao bila yeye. Tulipanga chumba Nakuru, akafa huko kwa presha mwaka wa nne. Ndipo niliporudi kwetu na watoto, kaka yangu akanipa chumba uani kwake.

Jumamosi asubuhi nilitoka Ahero, nikapandia basi Kisumu. Tulipopita Chavakali baridi ilianza kunishika magoti. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa mwenyeji wa Kapsabet, mwenye maneno mazuri, aliyenigawia ndizi. Aliniuliza jina, nikamwambia Akoth, jina langu la kuzaliwa.

"Na watoto wako wanaitwa aje?"

Nilimtajia majina ya Kijaluo ambayo watoto wangu hawana. Yalitoka mdomoni haraka, kama vile niliyafanyia mazoezi. Aliposhuka Kapsabet alinitakia safari njema, nami nilibaki nikitazama majani ya chai nje ya dirisha, nikimwomba Karanja msamaha kimoyomoyo.

Saa nane mchana nilifika Eldoret. Mji umepanuka. Pale Karanja alipokuwa akinunua mikanda ya mashine, sasa pana ghorofa ya vioo. Sikukaa. Nilipanda gari la kwenda Turbo, na saa kumi Mama Chebet alinipokea barabarani, kichwa kimejaa mvi, sweta ni lile lile la kijani.

"Chamgei," akanisalimu kwa Kinandi.

"Chamgei mising," nikamjibu.

Alinibebea kikapu. Jioni hiyo alinipikia chai ya maziwa matupu, akanitandikia kitanda cha bintiye. Mzee Kirwa aliniuliza habari za watoto mmoja mmoja, kwa majina yao ya kweli, akavua kofia niliposimulia kifo cha Karanja. "Huyo alikuwa mtu," alisema. Niliwapenda sana wote wawili jioni ile. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Jumapili saa nne tulikuwa kanisani. Kanisa sasa ni la mawe na lina vipaza sauti. Madhabahuni palikuwa na mahindi mabichi yaliyopangwa kama kuni, maboga, mboga za sagaa na vibuyu vya mursik. Nilitafuta nyuso. Katika wale waliofukuzwa, nilikuwa peke yangu niliyeitika. Mashemeji zangu, nilipowapigia kuwauliza kama watakuja, mmoja alinikatia simu.

Pasta alikuwa kijana mgeni, aliyekuja baada ya mambo yale. Alinisimamisha mbele ya watu.

"Huyu ni dada yetu kutoka Kisumu," alisema. "Mungu amemrudisha. Dada, utuambie kitu."

Niliona pale kwamba hakuna atakayemtaja Karanja. Kama mimi nilikuwa mgeni wa Kisumu tu, basi hapakuwa na mtu aliyefukuzwa. Nilishika kipaza sauti, nikasema mimi ni mke wa marehemu Karanja, yule fundi wa mashine. Watu walitazama chini. Kisha nikasema na mengine, nayo yalikuwa kweli: kwamba Mzee Kirwa na Mama Chebet walihatarisha maisha yao kwa ajili yetu, na kwamba sina cha kuwalipa mpaka nife. Makofi yalipigwa. Akina mama waliimba. Mzee Kirwa alifuta macho kwa kofia yake, na pasta akayawekea mikono mahindi aliyoyaleta mzee huyo, akaliombea shamba lake liongezewe.

Saa saba meza ziliunganishwa uwanjani. Mukimo haukuwepo, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuponda, wala hakuna aliyeuulizia. Samaki wangu waliisha haraka. Mama Chebet aliniletea bakuli la mahindi ya kuchemsha yanayotoa moshi, akasimama kunitazama nikila. Yalikuwa laini, matamu. Nilikula matatu. Nilimwambia sijala mahindi kama hayo tangu tuondoke, naye akageuza uso.

Baada ya chakula nilimwomba anipeleke nikaone kwetu.

"Kuna matope," alisema.

"Nimevaa raba."

"Kesho, basi. Leo umechoka."

"Mama Chebet, nimetoka Ahero. Nipeleke."

Tulikwenda. Njia niliijua, hata matope yake. Nilitegemea kukuta majani marefu na magofu. Nilikuta mahindi, mistari iliyonyooka kwa trekta, kuanzia ua wa misaiprasi aliyoipanda Karanja mpaka chini mtoni. Katikati ilibaki sakafu yetu ya simiti, imefagiliwa safi, na juu yake maharagwe yameanikwa. Kwenye mistari ya mbele mahindi yalikuwa yametoka kuvunjwa, mabua bado yanatoka maji.

Sikuuliza ni nani. Niliuliza tangu lini.

"Tangu mwaka ule mlienda," alisema. "Mzee alisema, tukiacha hivi watu watagawana. Tuangalie tu."

"Kwa hiyo yale ya madhabahuni..."

"Ndiyo."

"Na yale niliyokula."

Alikuwa akilia, na mimi nilikuwa na hasira sana kiasi kwamba machozi yake yalinichukiza. Nilikumbuka Nakuru, Karanja akiuliza kila wiki kama kuna mtu aliyeona shamba, nami nikimpigia huyu huyu mwanamke, naye akinijibu kwamba liko tu, limelala.

Mzee Kirwa alikuja akitufuata kwa nyuma, mikono mgongoni. Nilimwambia nashukuru kwa kuliangalia shamba, na kwamba watoto wamekua, sasa tunalihitaji.

"Hiyo shamba ni yenu," alisema. "Sijakataa. Lakini mambo ya mashamba huku inataka pole pole. Vijana wakisikia mmerudi, mimi siwezi kuwazuia mara ya pili."

Alisema bila ukali, kwa sauti ile ile iliyowaambia wale vijana kwamba anapeleka mahindi kwa mashine. Nilimwangalia nikashindwa kujua kama ananionya au ananitisha. Nadhani hata yeye hakujua. Na ningemshtaki kwa nani? Saa tano asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima na kumwita mwokozi wangu.

Jumatatu asubuhi nilikunywa chai yao, nikaaga. Mama Chebet alinijazia kikapu mahindi. Nilikipindua taratibu juu ya meza yake, nikabeba kikapu kitupu.

Eldoret nilishuka, nikaenda kwenye ofisi ya ardhi na karatasi za Karanja, ambazo alitoka nazo kifuani siku ile ya trela. Karani alikuwa mama wa makamo, akatafuta kwa subira. Shamba bado lilikuwa kwa jina la mume wangu. Nilikaa chini kwa furaha. Kisha akanieleza kinachotakiwa ili lije kwangu na watoto. Barua ya chifu wa kule shamba liliko, na majirani wawili wa kusema mbele yake kwamba walitufahamu, kwamba tulikaa pale kama mke na mume.

"Majirani unao?" aliniuliza.

"Ninao," nilisema.

Saa tisa nilipanda basi la kurudi, na giza lilikuwa halijaingia nilipofika Ahero. Njeri alinisubiri barabarani. Nilimweleza yote tukitembea. Aliuliza kama nimewasamehe, nikamwambia sijui ninatakiwa kusamehe kabla ya kushukuru au baada yake.

Mnaniuliza nilijifunza nini. Nimejifunza kwamba watu wale wale wanaweza kukutoa motoni na kukaa juu ya kilichobaki, wala wasione kwamba wamefanya mambo mawili. Nimejifunza pia kwamba shukrani ikisemwa hadharani inaweza kukufunga mdomo kuliko vitisho. Wale waliotuchomea nyumba ningewadai bila woga. Hawa nashindwa hata kuwachukia vizuri.

Wiki mbili baadaye nilimpigia Mama Chebet. Nilimwambia sihitaji mahindi ya miaka iliyopita, nataka tu aje kwa chifu, aseme alitufahamu. Mzee akikataa, jirani mwingine nitamtafuta, lakini wa kwanza awe yeye.

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Mama Njeri," alisema mwishowe, "siku ile sikuuliza mzee. Niliwaingiza kwa stoo kwanza, nikamwambia baadaye. Alinyamaza juu ilikuwa kufa na kupona. Hii si kama ile. Nikienda kusema kwa chifu, hiyo jioni nitarudi wapi? Wewe utaniweka wapi?"

Nilitazama chumba changu. Kitanda ni kimoja, na Njeri hulala chini. Nilishika simu sikioni, naye hakukata.