Kofia za Zege

Mafundi wenzake walimwita Zege kwa jinsi alivyokuwa mzito na mgumu. Ujana wake wote aliumaliza akipandisha kuta za watu, mpaka siku jukwaa lilipoporomoka naye, nyonga ikavunjika. Akawa mtu wa kushinda sebuleni, mguu juu ya stuli, amenuna.

Mkewe alikuwa akifuma kofia za watoto wachanga na kuziuza Jumapili kwenye gulio kubwa, uwanja mzima wa mitumba, sufuria kuukuu, redio zilizofufuliwa na kazi za mikono. Alipochoka kuutazama mnuno ule, alimtupia sindano ya kufumia na donge la uzi.

"Shika, mume wangu. Angalau unune huku unafanya kazi."

Kofia ya kwanza ilitoka kama soksi. Ya pili ingemtosha mbuzi. Lakini mkono uliozoea kupanga matofali ulishika mstari upesi, na haikupita muda wateja wakawa wanazigombea kofia zake bila kujua ni zake. Alipoweza kutembea kwa mkongojo alimfuata mkewe gulioni, akawa anakaa nyuma ya meza kama mlinzi. Akiulizwa nani kafuma, anamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Jumapili moja mkewe alikwenda kununua chai. Akatokea mama mwenye mapacha. Kofia ya mmoja ilimkaa sawasawa. Ya mwenzake ilibana, mtoto akaangua kilio.

"Nisaidie, baba," mama yule akasema. "Nataka wafanane."

Zege akaangaza huku na huku. Mkewe haonekani. Basi akatoa sindano mfukoni, akafumua ukingo, akaanza kuipanua. Watu wakasimama kutazama vidole vile vinene vikikimbia. Alipoinua macho, mbele yake walikuwa mafundi wenzake wa zamani, wamekuja kutafuta misumeno ya mitumba. Jasho likamtoka.

"Zege," mnyapara wao akasema taratibu, "ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

Mnyapara akachukua kofia moja mezani, akaigeuza ndani nje, akaivuta kuona kama inaachia. Haikuachia.

"Binti yangu anakaribia kujifungua. Nipe mbili."

"Mtoto akichukua kichwa chako je?"

"Ndicho ninachokiogopa."

"Basi subiri, nikufumie kubwa."

Wakacheka mpaka muuza redio wa jirani akapunguza sauti ajue kuna nini. Mapacha nao walikwishatulia, kofia mbili sawa kabisa.

Mkewe aliporudi alikuta meza imezingirwa, hana pa kupita. Akainua vikombe juu ya vichwa vya watu. "Jamani, nipisheni nimpe fundi chai."

Siku ile walifunga mapema, kofia zimekwisha. Njiani Zege akasema sasa anataka kujaribu sweta, la njano.

"Njano inachafuka haraka," mkewe akasema.

"Mtoto gani hachafuki?"

Wakabishana hadi mlangoni, na hata baada ya kuingia ndani majirani waliendelea kuwasikia wakicheka.