Vile alarme ya moto yangu ilinizania miye njo mwizi, ile wiki mji ulipinduka

Wakuu, jambo yenu bote. Hii ya leo sikuambiwa na mutu, ilinipata miye mwenyewe, na bashahidi beko avenue muzima. Mwenye hataamini akuje hapa commune Kenya (ya Lubumbashi, si ile inchi), nitamuonyesha alama ya mwiko ku kichwa.

Kwanza munijue. Miye ni Patron Delphin.

Masomo niliachia mu ya tatu primaire. Mwalimu alisema siwezi kitu. Leo yeye anatembea kwa miguu. Miye nilianza na kuuzisha mayai ya kutokota kule Kamalondo, beseni ku kichwa, na sasa ninaingiza mahindi kutoka Kasomeno, gunia juu ya gunia. Hakuna mutu alinifundisha.

Pikipiki yangu, moto vile tunaita hapa kwetu, nilinunua mupya. Na alarme nilifunga miye mwenyewe, bila fundi. Ukiigusa inalia mupaka mutoto wa mu tumbo anageuka. Kenya yote hakukuwa ingine.

(Kuko bamoja bakisoma hapa batasema uongo. Ni wivu.)

Kitu kimoja mushike. Mu carton ya ile alarme mulikuwa kafungulo kadogo, kama ka valise. Bibi yangu, Mama Naomi, akaniuliza:

"Baba Naomi, na haka ni ka nini?"

Nikamujibu: "Ka urembo tu. Bachinois banapendaka kuweka bintu bya bule mu carton."

Akakafunga mu kona ya kikwembe yake, pale anafungaka franka ya soko.

Basi ikakuja ile wiki mji ulipinduka. Soko imefungwa, masasi inalia kule ku gare ya treni, serikali haijulikane iko wapi. Batu ba bunduki balikuwa banapita parcelle kwa parcelle, na kitu banatafuta ni moto tu, ya kukimbilia. Bakiona iko kwako inaenda. Ukileta maneno, unaenda na weye.

Sasa kazi yangu yote iko juu ya ile moto. Ikienda, ninarudia beseni ya mayai.

Nikaiingiza mu salon. Nikaifunika drap nyeupe ya kitanda, juu yake nikatandika kale kadentelle, kitambaa ka kufunika televizyo, nikasimamisha maua ya plastiki. Mwenye ataingia ataona buffet, kabati ya sahani.

Mama Naomi akasema: "Baba, buffet yenye magurudumu?"

Nikamwambia mutu wa bunduki hana wakati ya kuangalia miguu ya meza.

Siku ya tatu, asubui, ile buffet ikaanza kusema.

Tii.

Unahesabu mupaka kumi.

Tii.

Wakuu, avenue iko kimya, hata kuku hazilie, na salon yangu inasema tii!

Nikabonyeza telekomande ya alarme. Hakuna kitu. Nikasema ah, ni pile ya telekomande, kabatri kake kadogo, imekufa, kazi rahisi. Nikatosha pile ya saa ya ku ukuta. Iko munene kama kidole, haiingie. Nikaruka ukuta kwa jirani yangu Papa Muhindo, mufanyabiashara wa kule Nord-Kivu, mwenye kuuzisha byote hata mulango ikifungwa. Akafungua dirisha kiasi ya jicho moja.

"Patron, benzako banaficha roho, weye unatafuta pile?"

"Nipe tu, papa. Zile za mviringo, kama kifungo ya shati."

Akanipa mbili. "Na kwako kuko kitu gani inalia vile?"

"Kifaranga. Kinagonjwa."

Nikarudi, nikaweka. Telekomande ikawaka taa nyekundu, muzuri sana. Nikamuangalia Mama Naomi, nikajisifu kidogo.

Tii.

Pale pale Mama Naomi, jicho ku katundu ka mulango, akasema pole pole: "Bamefika ku kona. Bamekamata moto ya pasteur wa kanisa."

Hapo kichwa yangu ikafanya kazi mbio, ile kichwa mwalimu alikatala. Nikafikiri: hii sirene inakulaka wapi? Ku batri ya moto. Ukiinyima chakula, itanyamaza. Nikaingia chini ya drap, nikatosha waya ya batri.

Kumbe sirene iko na mapile yake mu tumbo! Hizo njo zilikuwa zinaisha. Hizo njo zilikuwa zinasema tii, banibadirishe. Na tena iko na akili moja tu: ukikata waya ya batri, inajua mwizi njo amekata.

Ikalia.

Mapile yenye kuisha, lakini kile kidogo kilibakia zilikimaliza siku hiyo moja.

Sasa kwetu, mutu akivamiwa, jirani hatoke na mikono ya bule. Anakamata sufuria anagonga, na wa pili anagonga, mupaka mwizi achanganyikiwe. Shefu wa avenue alikuwa ametukumbusha jana yake. Basi bakasikia sirene. Sufuria ya kwanza ilikuwa ya jirani Mama Véro. Avenue ya nyuma ikapokea. Kisha ingine. Bamoja banagonga beseni, bengine tôle ya paa. Na kengele ya kanisa ikaingia.

Mama Véro mwenyewe akapita mulango ya nyuma na mwiko ya bukari, ugali yetu. Anaona kitu cheupe kinatikisika mu salon.

"Mwizi njo huyu! Amevaa drap!"

Pa! Ku kichwa.

"Mama, ni miye, Delphin!"

"Uongo! Delphin halalamike hivi!"

Pa!

Nikatoka na maua ya plastiki ku masikio. Nikang'oa sirene na waya zake, nikaizamisha mu gunia ya unga. Ikaendelea kulia mule mule, unga ikapanda, tukakuwa beupe shiye bote.

Mama Naomi, bila haraka, akafungua kona ya kikwembe.

"Baba Naomi, haiwezi kuwa haka ka urembo?"

Akaingiza mukono mu unga, akapapasa, akapata katundu chini ya sirene. Akageuza kidogo tu.

Kimya.

Inje sufuria bado zinagonga. Tukachungulia. Bale ba bunduki balifikiri commune yote imesimama. Balikimbia kwa miguu, moto ya pasteur baliiacha mu mufereji, inanguruma yenyewe.

Pasteur akakuja kushukuru Mungu. Nikamwambia asisahau na fundi wa alarme, njo miye. Shefu wa avenue akanitaja responsable wa sécurité, sikukatala. Nilisema ilikuwa mupango yangu tangu mwanzo. Mama Naomi aliangalia dirisha.

Somo, wakuu: alarme iko na mapile pa fasi mbili, mu telekomande na mu sirene. Ikianza tii, funga kwanza sirene na kafungulo, njo uguse batri. Na bibi akikuuliza "haka ni ka nini", usijibu mbio.

Ile sirene niliisha kuiwekea mapile mupya. Lakini kafungulo kangali ku kikwembe. Nilimuomba anirudishie.

"Ka nini, Baba Naomi? Si ka urembo tu?"

Haya, na weye kwako nani anashika fungulo? Andikeni hapa chini bila haya. Ila mwenye kuniuliza mwiko ilipita mara ngapi, huyo sitamujibu.